Joto Linalotoka Juu: Nyumba za Kiswere na Swali la Joto Lisilo Sawa

Fundi wa mabomba wa Stockholm akiitwa na mteja majira ya baridi, mara nyingi anakutana na lalamiko moja: chumba cha watoto kina joto, sebule imepoa, na anayepita pekupeku anahisi sakafu ina moto hapa, baridi pale. Baadhi ya nyumba za huko hupashwa kwa maji ya moto yanayozungushwa ndani ya mabomba ya plastiki yaliyofukiwa sakafuni. Huku Kiswere, kwenye ghuba iliyo kati ya Kilwa Masoko na Lindi, ukimwambia mtu kwamba wako wanaolipa ili sakafu yao ipate moto, atakuuliza wamelogwa na nani. Hata hivyo swali linalomsumbua fundi yule lipo pwani hii pia, ila limepinduliwa kichwa chini. Kinachotupasha sisi ni paa, nalo halina koki ya kufungia.

Naona swali hili tumekuwa tukilishika kwa upande usio sahihi. Nyumba ikiwaka joto tunailaumu hewa, kisha tunanunua feni au tunatoboa dirisha jingine. Lakini saa 8 mchana hewa iliyo ndani ya nyumba ya bati yenye madirisha wazi huizidi ya nje kwa nyuzi chache tu. Mtu anayetoka ndani akaenda kukaa chini ya mwembe anavuta hewa ileile ya Kiswere, yenye unyevu uleule wa bahari, na bado anashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Hewa haikubadilika. Kilichobadilika ni kile kilicho juu ya kichwa chake.

Ili kuliona hilo vizuri, turudi kwanza kwenye sakafu za wenzetu. Maji huingia sakafuni yakiwa na nyuzi 40 hivi na kutoka yakiwa na 33 au 35. Kadiri yanavyokwenda ndivyo yanavyopoa, kwa hiyo mwanzo wa bomba una joto kuliko mwisho wake. Sababu nyingine iko katika tabia ya maji yenyewe: yakipewa njia mbili, mengi hufuata ile fupi isiyoyasumbua. Chumba kilichotandikwa bomba la mita 60 hukinyang'anya maji chumba cha mita 120, na mwenye chumba cha pili atalala na soksi. Mafundi wazuri huhakikisha mzunguko mmoja haupiti mita 100 hivi kwa bomba la milimita 16. Hurekebisha valvu ya kila mzunguko mpaka yote ivute kiasi chake, hutoa maputo ya hewa yaliyonasa, na hutandika bomba kwa mtindo wa konokono ili linalokwenda lilale ubavuni mwa linalorudi, moto na ubaridi vifidiane. Karibu na madirisha mabomba hubananishwa, kwa kuwa hapo ndipo joto linapotoroka. Halafu mwenye nyumba analeta zulia nene na kuiharibu hesabu yote.

Kinachonishangaza katika habari hiyo ni udogo wa joto lenyewe. Kanuni za Ulaya haziruhusu uso wa sakafu ya sebule kupita nyuzi 29. Hilo liko chini ya joto la ngozi ya binadamu, ambayo huwa na nyuzi 33 au 34. Lakini uso huo wa uvuguvugu ni mpana na unamtazama mtu kila anapokaa, kwa hiyo unatosha kuikalisha familia na mashati mepesi wakati nje theluji imefika magotini. Zaidi ya nusu ya kazi hiyo haifanywi na hewa. Hufanywa na mnururisho, yaani joto linaloruka kutoka uso mmoja hadi mwingine bila kusubiri hewa ilibebe, kama linavyotufikia lile la jua.

Basi ikiwa nyuzi 29 zinafanya kazi yote hiyo, fikiria nyuzi 60. Bati lililochakaa, mchana wa Februari usio na mawingu, hufika hapo. Uso wenye kutu na joto hilo hutoa zaidi ya wati 600 kwa kila mita ya mraba, na ngozi ya mtu aliye chini yake haiwezi kurudisha zaidi ya 500 na kidogo. Tofauti inabaki mwilini, ikianza na utosi na mabega. Fungua dirisha, washa feni, bado mnururisho unapita katikati ya upepo kana kwamba upepo haupo.

Mwili wenyewe una upendeleo katika jambo hili. Majaribio yaliyofanywa Denmark chini ya P. O. Fanger, mtu aliyetumia maisha yake kupima starehe ya watu ndani ya vyumba, yalionyesha kwamba ukuta wa moto ubavuni watu huuvumilia sana, lakini dari ya moto huwachosha upesi. Viwango vya kimataifa vilivyotokana na kazi hiyo vinaruhusu tofauti ya mnururisho ya nyuzi 23 pale ukuta unapokuwa na joto, na nyuzi 5 tu linapokuwa juu. Ni kweli kwamba waliopimwa walikuwa wamekaa katika vyumba vya starehe, hawakuwa wavuvi waliozoea jua la Kilwa. Hata hivyo mwelekeo ni uleule kwa kila kichwa: joto likitoka juu huchosha kuliko likitoka kwingine kokote. Sisi tumelichukua jiko la wazungu, tukalitundika mahali pabaya kuliko pote, tukaliongezea moto maradufu.

Jiografia nayo haikutuhurumia. Kiswere iko nyuzi 9 na nusu hivi kusini mwa ikweta, na jua hupita juu ya utosi wake mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Kati ya tarehe hizo, yaani msimu mzima wa kaskazi, jua la mchana halitoki mbali na utosi. Ukuta wa kusini hulipata kidogo, wa kaskazini haulipati. Paa hulipata lote. Kuta zinazoumia ni za mashariki na magharibi, zinazopigwa na jua la chini la asubuhi na jioni ambalo upenu hauwezi kulizuia. Kwa hiyo nyumba ya pwani hii inapaswa kunyooka mashariki–magharibi, iwe na kuta fupi upande wa macheo na machweo, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Pita leo kandokando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi uone. Nyumba zinaitazama barabara, na barabara haikuchorwa kwa kulifuata jua.

Bati nalo lina siri yake. Likiwa jipya na la kung'aa, upande wake wa chini ni mchoyo: hutoa chini ya theluthi moja ya mnururisho ambao uso mweusi wa joto hilohilo ungetoa. Likiingia kutu linageuka kuwa mtoaji mzuri. Na upande wa juu, kutu hiyo hiyo hulifanya lifyonze jua ambalo zamani lingelirudisha angani. Ndiyo maana nyumba ileile, yenye kuta zilezile, huwa na joto zaidi mwaka wa kumi kuliko wa kwanza, na wenyewe wakadhani jua limezidi. Ufukweni mambo huenda haraka zaidi, maana chumvi ya bahari huila geji 32 upesi. Anayenunua bati jembamba kwa kubana matumizi ananunua na joto la miaka ijayo.

Kisha ikaja mitindo ya rangi. Mabati ya migongo mipana, mekundu ya damu ya mzee, ya kijani, ya kijivu kilichoiva, yamekuwa alama ya mtu aliyefanikiwa, na sina ugomvi na mafanikio ya mtu. Lakini rangi nzito hula jua. Katika duka lolote la vifaa vya ujenzi utaulizwa rangi na geji. Hutaulizwa paa lako litarudisha jua kiasi gani, ingawa kwa anayelala chini yake hilo ndilo swali la kwanza.

Makuti hayana tabia hizo. Tabaka baada ya tabaka la majani yaliyoshonwa hufungia hewa katikati, upande wa juu ukiungua upande wa chini unabaki na joto linalokaribiana na la hewa, na paa zima linapumua. Mtu aliye chini ya makuti hanururishiwi na kitu cha moto. Lakini tusiyasifu makuti kupita kiasi, maana wengi wanaoyasifu hawajawahi kuyabadilisha kila baada ya miaka michache, wala kuamka usiku wa masika kusogeza kitanda. Yanashika moto, yanafuga panya na wadudu, na minazi haitoshi. Familia iliyohamia kwenye bati haikufanya ujinga. Ilinunua maji safi ya mvua, usalama wa moto na usingizi mkavu, na ikalipa kwa joto.

Hapo ndipo joto lisilo sawa linapoacha kuwa la mahali na kuwa la saa. Bati halina akiba. Jua likizama, ndani ya saa moja limeshapoa, na usiku usio na mawingu hupoa hata kuliko hewa kwa kuwa linanururisha kwenda angani. Alfajiri umande hutiririka juu yake. Ukuta wa bloku za inchi 6 una mwenendo mwingine. Joto lililoupiga upande wa magharibi saa 11 jioni huchukua saa 4 hivi kuuvuka, likatokea ndani saa 3 usiku, wakati ule hasa watoto wanapolazwa. Nyumba ya bloku na bati ina mashambulizi mawili kwa zamu: mchana unapigwa kutoka juu, usiku unapigwa kutoka ubavuni. Chumba kilichokuwa nafuu mchana si lazima kiwe nafuu usiku, na mara nyingi ni kinyume chake.

Mababu wa Kilwa walikutana na tatizo hilohilo wakiwa na vifaa vingine. Nyumba za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za nusu mita hivi, na juu yake dari bapa ya mawe na chokaa iliyobebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: kwa kuwa mkoko mzuri unavuka mita mbili na nusu au tatu, vyumba vikawa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Joto la mchana lilichukua nusu siku na zaidi kuupenya ukuta wa namna hiyo. Dari nzito vilevile: jua lililopiga juu yake mchana lilifika chini likiwa limechoka. Vyumba vya nyuma vilikuwa vya giza na ubaridi, vya mbele vya mwanga na joto, na uani palikuwa na wakati wake.

Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta anatawala, alifanya zaidi. Kasri la Husuni Kubwa lililofukuliwa na mwanaakiolojia Neville Chittick lilijengwa nje ya mji, juu ya genge linalotazama bahari, mahali pa kukamatia upepo, na ndani yake kukawekwa birika lenye pembe nane. Wataalamu wanaweza kubishana juu ya matumizi ya kila chumba cha kasri lile, lakini aliyechagua genge lile alijua pepo za pwani zinavuma kutoka wapi.

Nyumba hizo hazikuwa na joto sawa hata kidogo. Wala hazikukusudiwa kuwa nalo. Hapa ndipo ninapoachana na fundi wa Stockholm, ambaye kwake usawa ndio ushindi. Wakorea, waliopasha sakafu zao kwa moshi wa jiko karne nyingi kabla ya mabomba, walijua vyema kwamba upande ulio karibu na moto una joto na wa mbali una baridi. Upande wa joto walimpa mzee au mgeni, na vijana wakakaa mbali. Karibu na kwetu zaidi, bafu za Hamamni mjini Zanzibar, zilizojengwa kwa amri ya Sultani Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, zilipashwa kutoka chini ya sakafu, na utamu wa hamamu yoyote uko katika kutofautiana kwa vyumba: cha uvuguvugu, cha moto, cha kupoa. Ungesawazisha joto la Hamamni usingekuwa na hamamu. Ungekuwa na chumba cha kuudhi.

Kutolingana kwa joto hakumdhuru mtu aliye huru kuhama. Nyumba ya Kiswahili ilijengwa juu ya msingi huo. Baraza mbele, ukumbi katikati unaopitisha upepo kutoka mlango wa barabarani hadi wa uani, vyumba huku na huku, jiko nyuma kabisa pembeni ya ua ili moto wake usilale na watu. Asubuhi watu wako baraza ya magharibi, alasiri wamehamia uani, jioni wamerudi barazani. Mkeka unahama na kivuli. Familia ilikuwa ikifanya kwa miguu yake kazi ambayo valvu hufanya kule Ulaya.

Nyumba mpya imeikata miguu hiyo. Baraza imemezwa na sebule yenye makochi yasiyobebeka, ukumbi umezibwa mwisho wake na choo cha ndani, na runinga imeamua familia ikae chumba gani. Walio shuleni, kwenye zahanati na ofisini hata hawakuwahi kupewa nafasi ya kuhama: mwanafunzi wa darasa la bati lisilo na dari anakaa dawati lake kuanzia asubuhi hadi alasiri, mnururisho ukishuka juu ya daftari. Huyo ndiye ninayemwona wa kwanza kustahili huruma ya wahandisi, kabla yangu mimi mwenye mwembe.

Kuna jambo moja linalotatiza hoja hii, nalo ni mbu. Utafiti uliofanywa Gambia ulionyesha kwamba mbu hufa kwa wingi zaidi ndani ya nyumba za bati kuliko za nyasi, kwa sababu ya joto la mchana. Kwa hiyo lile linalotutesa linamtesa na adui yetu. Lakini usiku, joto likizidi, watu hutupa chandarua pembeni au hutoka kulala nje, na hapo mbu anapata haki yake yote. Nyumba ikipoa bila kuwekwa wavu madirishani na chini ya upenu, huenda tumebadilisha jasho kwa homa. Vijijini Mtwara, kusini tu mwa hapa, zimejengwa nyumba 110 za majaribio zenye ghorofa, watu wakilala juu penye upepo, kuta nyingi zikiwa za wavu unaopitisha hewa na kuzuia mbu. Ni jibu zuri, ingawa si kila bibi wa miaka 70 atafurahia kupanda ngazi usiku. Faida yake kubwa kwangu ni kutukumbusha kwamba joto na malaria ni mazungumzo ya meza moja.

Sasa pesa iende wapi kwanza? Feni iwe ya mwisho, na nasema hivyo nikijua kwamba ndiyo ya kwanza kununuliwa umeme ukifika. Feni humsaidia mtu kukausha jasho, na hewa ikiwa chini ya nyuzi 35 msaada huo ni wa kweli. Lakini feni ya juu katika chumba kisicho na dari huchota hewa iliyopikwa chini ya bati na kuwashushia watu, kisha wanasema feni inapuliza moto. Wako sahihi.

Cha kwanza ni kuvunja mtazamano kati ya bati na mtu. Dari yoyote hufanya hivyo: silingi bodi kwa mwenye uwezo, mikeka au viroba vilivyoshonwa kwa asiye nao. Dari si lazima iwe nene. Inatakiwa iwepo, na pawe na nafasi juu yake yenye matundu pande mbili ili hewa iliyopata moto itoke. Matundu hayo yawekewe wavu, la sivyo popo watahamia na harufu yao haiondoki. Kinachofuata ni rangi: bati jeupe, au lililopakwa rangi nyeupe ya mafuta, hurudisha jua kwa wingi. Chokaa ni rahisi na Kilwa inaijua tangu enzi za masultani, ila masika moja huisafisha. Mwenye bati chakavu tayari anaweza kutandaza makuti juu yake, kama zinavyofanya baadhi ya hoteli za pwani: bati linazuia mvua, makuti yanazuia jua, na hakuna linalolazimika kufanya kazi ya mwenzake. Hatari ya moto inabaki, basi jiko likae mbali.

Ukuta wa magharibi haudai zege. Unadai kivuli: upenu mrefu, kibanda cha kuni kilichoegemezwa, mpapai, hata kamba ya kuanikia nguo. Aliye kwenye hatua ya kuchora nyumba ageuze ramani kabla ya kuchimba msingi, maana hilo ni punguzo lisilo na bei dukani.

Zahanati zipewe kipaumbele juu ya nyumba zetu sote, kwa sababu ambayo haina uhusiano na starehe. Dawa ya mseto ya malaria imeandikwa kwenye kasha lake isihifadhiwe katika joto la zaidi ya nyuzi 30. Kipimajoto cha stoo kwa kawaida hutundikwa ukutani, usawa wa macho, ambako hewa ni nafuu. Makasha yako rafu ya juu, chini ya bati, hatua moja kutoka kwenye uso wenye nyuzi 60, na tofauti kati ya rafu hiyo na ile ya chini yaweza kuamua dozi itafanya kazi au haitafanya. Kabla ya kuomba kiyoyozi cha mamilioni, mganga wa zahanati anaweza kuanza kwa kuhamisha kipimajoto kile hadi rafu ya juu, akakisoma saa 8 mchana.